Paka kala dawa ya minyoo na minyoo imerudi: mwongozo kamili wa kuimaliza

Hili swali nimeulizwa mpaka nimechoka kulijibu vipandevipande, kwahiyo leo naandika lote. "Nilimpa dawa mwezi uliopita, jana nimeona tena vitu kama punje za wali mkiani." Ukiuliza dawa gani, hajui, alifungiwa kwenye kikaratasi. Paka ana kilo ngapi? Kakadiria kwa macho. Ana viroboto? "Wapo wa kawaida tu."

Basi hapo jibu lote lipo. Dawa nyingi za minyoo zinaua minyoo iliyomo tumboni siku hiyo, hazikai mwilini kumlinda paka mwezi mzima, na mlango walioingilia ukibaki wazi watarudi wengine hata dawa iwe nzuri namna gani. Mimi mwenyewe nimezungushwa na paka wangu Kidoti karibu miezi minne kabla sijaelewa hilo.

## Andaa hivi kabla hujamgusa paka

- Mizani. Ya nyumbani ya kusimama inatosha kwa paka mkubwa, kwa kitoto tafuta ya jikoni au ile ya dukani ya kupimia sukari
- Dawa sahihi (usinunue kwanza, soma hatua ya 3)
- Bomba la sindano la mililita 1 na la mililita 5, bila ile sindano yenyewe
- Khanga kuukuu au taulo
- Samli au siagi kidogo
- Kisu kikali au wembe wa kukatia kidonge
- Tishu nyeupe na chanuo lenye meno yaliyobanana, lile la kutolea chawa
- Dawa ya viroboto iliyoandikwa ni ya paka
- Glavu au mfuko wa nailoni wa kuvaa mkononi
- Kalamu na kalenda, au simu uweke alamu

Kama una paka zaidi ya mmoja, hesabu dawa za wote. Ukimpa mmoja ukamwacha mwenzie umepoteza hela.

## Hatua ya 1: Jua ni minyoo gani

Dawa inayoua tegu sio inayoua chango, na hapa ndipo wengi wanapokosea mapema kabisa.

Tegu. Huyu ndo wa punje za wali. Zile ni vipande vyake vinavyokatika na kutoka, vikiwa vibichi vinajikunja na kujinyoosha polepole hapo kwenye manyoya chini ya mkia, vikikauka vinakuwa vya njano kama ufuta. Angalia anapolala paka, kwenye mto au kochi, mara nyingi utavikuta hapo kabla ya kuviona kwenye kinyesi.

Chango. Ni mrefu, mweupe, kama tambi iliyochemshwa, anaweza kufika hata sentimita 10. Anatoka kwenye kinyesi au paka anamtapika akiwa mzima mzima anajipinda, na ukimuona mara ya kwanza utaruka. Kitoto chenye chango wengi kinakuwa na tumbo la puto huku uti wa mgongo unaushika kwa vidole.

Minyoo ya safura. Hii kwa macho huioni, ni midogo na imeng'ang'ania ukuta wa utumbo inanyonya damu. Dalili utaziona kwingine: inua mdomo wa juu uangalie fizi. Fizi za paka mzima ni za pinki. Zikiwa nyeupe kama karatasi, na kinyesi ni cheusi kinanata kama lami, achana na mwongozo huu mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Kutoona kitu haimaanishi hana. Kama una wasiwasi, chukua kinyesi kibichi kiasi cha kijiko cha chai, weka kwenye kikopo chenye mfuniko, kipeleke siku hiyohiyo kikapimwe kwa darubini. Ila tegu wa viroboto mara nyingi kipimo hicho kinamkosa, kwasababu mayai yake yanatoka yamefungwa ndani ya vile vipande, kwahiyo ukiziona punje zipige picha umuonyeshe daktari hata kama majibu yamesema hakuna kitu.

*Umefaulu ukiwa* unaweza kusema "ni tegu", "ni chango", au "sijui, natibu vyote viwili". Hilo la tatu pia ni jibu zuri, na kwa paka anayetoka nje ndilo nalolichagua mimi.

## Hatua ya 2: Mpime, usikadirie

Simama kwenye mizani ukiwa umembeba paka, andika, kisha simama peke yako, toa. Ukiwa na kilo 68.4 mkiwa wawili na 65.2 ukiwa mwenyewe, paka ana kilo 3.2. Rudia mara mbili maana paka akijitikisa mizani inadanganya.

Kwa kitoto hii njia haifai kabisa, kitoto cha gramu 500 mizani ya kusimama haikioni vizuri. Kiweke kwenye kikapu, nenda kwa Mangi (mwenye duka la mtaani), muombe mizani dakika moja, pima kikapu kitupu kisha kikiwa na kitoto. Watacheka, waache wacheke.

Kwanini nasisitiza? Dozi ikiwa ndogo minyoo inalewa tu, haifi yote. Ikizidi, kuna dawa zitakazomuumiza. Kidoti nilimkadiria kilo 4 kumbe ana 2.8, mwili wote ule ulikuwa manyoya.

## Hatua ya 3: Nunua dawa inayolingana na minyoo

Soma maandishi madogo chini ya jina la kibiashara, hapo ndipo dawa yenyewe imeandikwa.

- Prazikwanteli ndiyo inayoua tegu.
- Pairanteli inaua chango na safura.
- Vidonge vingi vya paka vina zote mbili. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20 za prazikwanteli na 230 za pairanteli kwenye kidonge kimoja, na kidonge kimoja ni cha kilo 4. Kilo 2 nusu, kilo 3 robo tatu. Chako kikiwa na vipimo tofauti fuata karatasi yake, usifuate mimi.
- Fenbendazoli inasaidia chango na safura, lakini inatolewa siku 3 mfululizo, na *haimuui* yule tegu wa viroboto. Watu kibao wanakwama hapa: wanapewa fenbendazoli ya mbuzi, paka ana tegu, wanasema dawa feki.

### Usimpe hizi hata ukihakikishiwa dukani

Kwenye maduka ya dawa za mifugo wateja wengi ni wa ng'ombe, mbuzi na kuku, na muuzaji anakupa alichonacho kwa nia njema tu. Kuwa makini na hivi:

Levamisoli. Kwa paka tofauti kati ya dozi ya kutibu na ya kumdhuru ni ndogo. Anatoka mate, anatapika, anatetemeka.

Ivamektini ya sindano ya ng'ombe. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, tone likizidi kwa mnyama wa kilo 3 umeshamwaga sumu. Daktari anaweza kuitumia, wewe nyumbani hapana.

Albendazoli. Inaweza kuharibu utengenezaji wa damu kwenye uboho wa paka.

Vidonge vya kichocho vya binadamu. Prazikwanteli ni ileile wanayopewa watoto shuleni, na kuna mjanja atakwambia sasa si umege tu kipande. Kidonge kile ni miligramu 600. Cha paka ni 20. Hebu jaribu kukata kidonge vipande 30 vinavyolingana kwa wembe uone.

Kitunguu saumu. Kinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, na paka mwenye safura tayari damu hana, unammalizia. Mbegu za papai sijaona zikimaliza tegu wa mtu yeyote.

*Umefaulu ukiwa* na dawa iliyoandikwa paka, haijaisha muda, na umeshaandika pembeni: kilo 2.8, robo tatu ya kidonge. Uzito ukiangukia katikati kama hivi, muulize daktari ukate wapi.

## Hatua ya 4: Mpe kidonge na kimezwe kweli

Usikisage ukachanganya na samaki. Prazikwanteli ni chungu balaa, paka akiionja tu anatoa povu jeupe mdomoni linaning'inia mpaka kifuani, wewe unadhani anakufa, unapiga simu huku na huku. Povu hilo ni la uchungu na linaisha baada ya dakika chache, ila dawa nayo imeshatoka na povu, na chakula hicho hatakigusa tena.

Fanya hivi, ni bora mkiwa wawili:

1. Kata kidonge, kipake samli pande zote. Samli inafunika uchungu na inakifanya kiteleze.
2. Mviringishe kwenye khanga kama sambusa, kichwa tu kibaki nje. Miguu ya mbele lazima iwe ndani, hiyo ndo yenye makucha yatakayokuandika mkono.
3. Piga magoti sakafuni, paka awe katikati ya mapaja yako mgongo wake ukikugusa, ili asiweze kurudi nyuma. Paka anatoroka kwa kurudi nyuma.
4. Shika kichwa kutokea juu, kidole gumba upande mmoja wa mdomo na cha shahada upande wa pili, nyuma kidogo ya yale meno marefu. Inua pua itazame dari. Taya la chini litalegea lenyewe.
5. Kwa mkono wa pili bonyeza taya la chini kwa kidole cha kati, dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, pale katikati kwenye mteremko. Ukikiacha mbele au pembeni atakitema.
6. Funga mdomo, shusha kichwa kidogo, sugua koo kwa kidole kwenda chini. Akilamba pua, amemeza.
7. Mpe maji mililita 3 hadi 5 kwa bomba, kupitia pembeni ya shavu, polepole, ili kidonge kisikwame kooni. Usirushe maji moja kwa moja kooni, yataingia kwenye mapafu.
8. Mpe dagaa wawili watatu aondoke akiwa na kumbukumbu nzuri na wewe.

Mkijaribu mara tatu mmeshindwa, mwacheni apumzike mrudie jioni. Paka aliyepandwa na hasira anang'ata mpaka mfupani, na jeraha la meno ya paka huvimba haraka. Likitokea lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kama dakika 15 kisha nenda hospitali, suala la kichaa cha mbwa sio la kusubiri.

Halafu mfuatilie. Kidoti alinikalia kimya, akalamba pua na kila kitu, akaondoka kwa heshima zake. Siku tatu baadaye nafagia nainua mkeka, kipande cha kidonge hiki hapa kimekauka kina alama za meno. Toka siku hiyo nikishampa namfungia chumba kisicho na kitu dakika kumi, nakagua sakafu.

Akitapika ndani ya dakika chache na kidonge ukakiona, mpigie daktari uulize kama urudie, usiongeze dozi kwa kukisia.

## Hatua ya 5: Siku tatu za mwanzo, nini cha kawaida

Chango utawaona. Wanatoka kwenye kinyesi siku ya kwanza au ya pili, wengine wamekufa na wengine bado wanajikunja, maana dawa inawapoozesha utumbo ukawasukuma nje. Tegu mara nyingi *huoni chochote*, anasagwa humohumo tumboni kama chakula. Nimekutana na watu wamerudia dawa siku ya pili kwasababu "haijatoa kitu". Usirudie.

Kuharisha kidogo au kulala sana siku moja sio shida. Ambalo sio kawaida: kutetemeka, kuyumba, kutapika mfululizo, kutokula zaidi ya siku nzima.

Vaa glavu, zoa kinyesi, kifukie mbali na bustani ya mboga au kitupe kwenye mfuko uliofungwa.

## Hatua ya 6: Rudia baada ya wiki 2

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Dawa inaua wakubwa waliopo utumboni, lakini vitoto vya chango vingine muda huo vinasafiri mwilini, kwenye ini na mapafu, huko dawa haivipati. Baada ya siku kadhaa vinarudi utumboni, vinakua, vinataga. Dozi ya pili inavikuta hapo kabla havijaanza kutaga.

Kwa chango na safura basi, siku ya 14, dozi ileile, na umpime upya kwanza maana anaweza kuwa ameshaongezeka. Weka alamu saa hii hii unaposoma.

Tegu peke yake dozi moja inamuua. Punje zikirudi baada ya wiki tatu hivi, huyo sio yule wa zamani, ni mpya, kaingia na kiroboto, na unahitaji hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Viroboto, hapa ndo penyewe

Mzunguko uko hivi: kipande cha tegu kinadondoka kwenye zulia, kinakauka, mayai yanatoka. Funza wa kiroboto anakula yale mayai. Anakua kiroboto kamili, anapanda juu ya paka, anamng'ata, paka anajilamba, anammeza kiroboto na tegu mchanga ndani yake. Wiki tatu hivi baadaye punje za wali. Unaweza kununua dawa ya tegu kila mwezi mpaka ufilisike.

Kagua. Chana paka mgongoni karibu na mkia, kung'uta uchafu kwenye tishu nyeupe iliyoloa. Chembe nyeusi zikiacha doa jekundu-kahawia, hiyo ni damu, ni kinyesi cha viroboto. Wapo hata kama hujamuona hata mmoja akiruka.

Mtibu paka. Tafuta dawa ya matone ya paka, yenye fiproni au selamektini kwa mfano. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo, chini ya fuvu, pale asipofikia kwa ulimi, dondosha kwenye *ngozi* sio juu ya manyoya. Rudia kila mwezi, angalau miezi 3 mfululizo, paka wote na mbwa wote wa nyumba kila mmoja kwa dawa yake.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa, wala ya kuogeshea ng'ombe, wala ule unga wa kuku. Nyingi zina pamethrini au ndugu zake, na ini la paka haliwezi kuivunja. Anaanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege. Ikishatokea muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mfunike asipate baridi, mkimbize kwa daktari.

Itibu nyumba. Viroboto unaowaona ni wachache, wengi ni mayai, funza na mabuu (hatua kati ya funza na kiroboto kamili) kwenye nyufa za sakafu, zulia na chini ya kochi. Fua matandiko ya paka kwa maji ya moto kila wiki, anika jua kali. Fagia kila siku mpaka kwenye kona, takataka zitoke nje ya nyumba. Mabuu yamejifunga kwenye kifuko ambacho dawa ya kupuliza haiingii, ndomana wiki ya tatu utaona viroboto wapya ukadhani umeshindwa. Endelea tu.

*Umefaulu ukiwa* tishu inabaki haina doa kwa mwezi mzima.

## Hatua ya 8: Choo, panya na mchanga

Mayai ya chango yakitoka leo hayaambukizi leo, yanahitaji wiki mbili na zaidi kukomaa. Ukizoa kinyesi kila siku umeyawahi. Ukiyaacha yanaweza kuishi kwenye udongo miezi na miezi, na jiki haiyaui, wala usijidanganye na harufu. Beseni la choo limwagie maji ya moto yanayochemka, sugua, anika juani. Kama unatumia maranda au mchanga wa kawaida, mwaga wote kila wiki.

Mjamzito asishike choo cha paka, kuna ugonjwa mwingine humo ambao sio minyoo lakini unamdhuru mtoto tumboni. Ampe mtu mwingine hiyo kazi.

Sasa lile rundo la mchanga wa ujenzi nje ya geti. Kila paka wa mtaa anaona ni choo chake, na kila mtoto wa mtaa anaona ni uwanja wake. Funza wa safura ya paka anapenya ngozi ya mtoto na kuchora mistari myekundu inayowasha, na mayai ya chango yakimezwa funza wake wanaweza kufika hadi jichoni. Nunua turubai ufunike rundo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Chemsha dagaa na utumbo unaompa. Panya huwezi kumzuia paka kula, hiyo ndo kazi yake, ila panya ana tegu wake mwingine, kwahiyo paka mwindaji anatakiwa kupewa prazikwanteli mara nyingi zaidi.

## Vitoto na mama yao

Kitoto hakihitaji kutoka nje kupata chango, kinanyonya kwenye maziwa ya mama. Kwahiyo:

- Anza kikiwa na wiki 3, pairanteli ya maji, rudia kila wiki 2 mpaka wiki 2 baada ya kuacha kunyonya. Baada ya hapo kila mwezi mpaka miezi 6.
- Mama anapewa siku ileile ya dozi ya kwanza ya watoto.
- Vidonge vile vya mchanganyiko vingi haviruhusiwi chini ya wiki 6.
- Muombe daktari akuandikie mililita kwa gramu ulizopima, utumie bomba la mililita 1. Ni dozi ya matone, kijiko hakifai hapa.

Kitoto chenye tumbo limejaa sana na kimelegea usikipe mwenyewe. Minyoo mingi ikifa kwa pamoja inaweza kuziba utumbo.

## Ratiba baada ya hapo

Paka mkubwa kila miezi 3. Anayewinda sana au anayelala na watoto, kila mwezi, muulize daktari dawa ipi. Ya kwangu nimeiandika kwa makapeni nyuma ya mlango wa jikoni: Januari, Aprili, Julai, Oktoba, na uzito wa Kidoti pembeni ya kila mwezi. Mwezi uliopita kafika 3.6.

Na ukifanya yote haya kisha punje zikaonekana tena, usikimbilie dukani. Chukua chanuo na tishu nyeupe, anzia hatua ya 7.